Shajara ya mradi: kupima ubunifu pale mwananchi anapohudumiwa

5 Februari 2024

Barua ya mkurugenzi imetoka leo, kwa hiyo kazi imeanza rasmi. Tumepewa jukumu la kutengeneza dodoso la kupima ubunifu katika vituo vya huduma vya halmashauri: zahanati, vituo vya afya, shule, ofisi za watendaji wa kata na madirisha ya mapato. Timu ni ndogo. Mimi ni mtakwimu, mwenzangu ni mchumi wa idara ya mipango, na kuna kijana wa kitengo cha TEHAMA atakayeingiza maswali kwenye vishikwambi. Halmashauri yenyewe iko ukanda wa pwani wa Tanzania. Jina siliandiki kwa sababu tumewaahidi wahojiwa kwamba vituo vyao havitatajwa popote.

Kila robo mwaka tunaandika taarifa. Zinaeleza fedha zilizopokelewa na zilizotumika, madarasa yaliyoezekwa, wagonjwa waliohudumiwa. Hakuna safu hata moja inayosema kwamba muuguzi wa mahali fulani alibadilisha utaratibu na akina mama wakaacha kulala njaa kwenye foleni. Mashindano yapo. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, imekuwa ikiwatambua wabunifu tangu 2019 na imefanya mengi mazuri, lakini shindano humwona aliyejaza fomu na kusafiri kwenda kuonyesha alichonacho. Mimi nataka kipimo kitakachomfikia mtumishi ambaye hajawahi kufikiri kwamba alichokifanya kinastahili fomu. Watu hao ni wengi, na ndio wanaobeba huduma za nchi hii.

13 Februari 2024

Siku za kusoma. Mwongozo wa Oslo wa kupima ubunifu, ambao OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, iliutoa kwa mara ya kwanza 1992, ulitungwa kwa ajili ya viwanda na kampuni. Toleo la nne, la 2018, lililotolewa pamoja na Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, lilipanua fasili ili itumike katika sekta zote, serikali ikiwemo. Kwa ufupi linasema ubunifu ni bidhaa au mchakato mpya, au ulioboreshwa, unaotofautiana kwa kiasi kikubwa na ule kitengo kilichokuwa nao kabla, na ambao tayari umewafikia watumiaji au umeanza kutumika.

Kwa kazi yetu fasili hiyo inaamua mambo mawili makubwa. Wazo lililolala kwenye faili halihesabiwi, hata kama liliandikiwa andiko zuri la mradi. Na upya hupimwa kwa kituo chenyewe: zahanati ikianza leo jambo ambalo hospitali ya wilaya inalifanya miaka yote, kwa zahanati hiyo huo ni ubunifu.

Denmark ndiko nilikojifunza zaidi. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya utafiti wao wa kwanza wa ubunifu katika sekta ya umma, uliofanywa na kituo chao cha taifa cha ubunifu wa umma pamoja na idara ya takwimu. Hawakuziuliza wizara, waliviuliza vituo vya kazi: shule, nyumba za kulelea wazee, vituo vya polisi, ofisi za manispaa. Asilimia 86 wakajibu kwamba katika miaka miwili walikuwa wameanzisha angalau ubunifu mmoja. Swali la ndiyo na hapana likipata ndiyo nyingi kiasi hicho halitenganishi tena kituo na kituo. Kilicholipa ni maswali yaliyofuata, ambapo kila mmoja aliulizwa kuhusu ubunifu wake wa mwisho tu: ulitoka wapi, nani aliusukuma, nini kiliuzuia, ulileta faida gani. Uzoefu huo waliuweka kwenye mwongozo wa Copenhagen uliotoka 2021, kwa ajili ya nchi nyingine zinazotaka kupima.

Tumeamua hivi. Kitengo tutakachokipima ni kituo chenye msimamizi wake: mganga mfawidhi, mwalimu mkuu, mtendaji wa kata, mkuu wa dirisha. Idara nzima ni kubwa mno, mkuu wa idara hajui kilichobadilika kwenye zahanati iliyo mwisho wa barabara. Kuhusu kipindi, mwongozo wa Oslo unaruhusu kati ya mwaka mmoja na mitatu. Sisi tutauliza "tangu sensa". Sensa ilikuwa tarehe 23 Agosti 2022, na kila mtumishi anakumbuka alikuwa wapi wiki ile, wengi wao walikuwa makarani. Mtu akiambiwa "katika miezi kumi na minane iliyopita" anaanza kukisia.

27 Februari 2024

Jaribio la kwanza, zahanati ya kijijini. Tulimkuta mganga mfawidhi amechoka, ana foleni, lakini alitupokea vizuri. Tulipomuuliza kuhusu ubunifu alijibu bila kusita: "Hapa hatuna, kaka. Hata kompyuta hatuna." Akaturuhusu tuendelee kuangalia.

Kwenye chumba cha kliniki ya watoto alikuwapo mhudumu wa siku nyingi, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, kaeni hapo kwenye benchi."

Mbele yake kulikuwa na rejesta ya watoto ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Pembeni mwa safu zilizochapwa alikuwa ameongeza safu yake kwa rula na kalamu nyekundu, ameandika herufi moja moja: M, K, B. Nikamuuliza ni za nini. Akasema ni vitongoji. Akina mama wa kitongoji cha mbali walikuwa hawaji siku za kliniki kwa sababu nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inaumiza. Siku ya gulio ndiyo wanakuja wote, na gari la mizigo linawabeba kwa bei ya chini. Basi alimwomba mganga aliyekuwepo zamani wahamishie kliniki ya kitongoji hicho siku ya gulio. Sasa kila jioni anapitia safu ile nyekundu, anaona nani wa kitongoji gani hajaleta mtoto kwa chanjo, na anamtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Hakuna senti iliyotumika. Haimo kwenye bajeti, haimo kwenye taarifa ya robo, na mfawidhi wake mwenyewe, ambaye ameikuta, haioni kama kitu cha kutajwa. Kwake ni utaratibu wa kazi tu. Nilikaa kwenye lile benchi nikiwa na furaha kubwa, kwa sababu hiki ndicho tunachokitafuta na kipo.

Dodoso limebadilika jioni ileile. Swali la kwanza sasa ni: "Tangu sensa, ni jambo gani hapa kituoni mnalifanya tofauti na mlivyokuwa mnalifanya?" Hakuna kutaja ubunifu, teknolojia wala mfumo hadi ukurasa wa pili. Na kila kituo tutahoji watu wawili, msimamizi na mtumishi mmoja wa mstari wa mbele aliyekaa muda mrefu, kila mmoja peke yake. Majibu hayatachanganywa. Tofauti kati yao nayo ni takwimu.

11 Machi 2024

Leo tumebishana karibu asubuhi nzima, na ulikuwa ubishi wa maana.

Mchumi alileta hoja ya namba ya malipo. Mfumo wa serikali wa malipo, GePG, ulianza 2017, na leo huwezi kulipia leseni, kibanda cha sokoni au faini ya halmashauri bila kupewa namba ya kumbukumbu kwanza, kisha ulipe kwa simu, kwa wakala au benki. Kabla ya hapo tulikuwa na vitabu vya stakabadhi, foleni ya benki, kisha foleni ya pili ya kurudisha karatasi ya benki dirishani. Hakuna anayebisha kwamba mabadiliko yalikuwa makubwa. Swali likawa: kituo kilichopokea mfumo wa aina hii kutoka juu kwa waraka, kihesabiwe kimebuni?

Kwa fasili ya Oslo, ndiyo. Mchakato ni mpya kwa kituo na unatumika. Lakini tukihesabu hivyo tu, kila waraka unaoshuka utavifanya vituo vyote kuwa vibunifu kwa siku moja, na kipimo chetu kitakuwa kinapima idadi ya nyaraka. Tukikataa kuhesabu, tutakuwa tunadai kwamba watumishi waliojifunza mfumo na kuufanya ufanye kazi mahali pasipo na mtandao wa uhakika hawakufanya lolote, na huo si ukweli.

Suluhisho tulilolikubali ni kugawa asili ya kila ubunifu: ulioletwa, ulioigwa, uliozaliwa hapa. Na kwa kila ulioletwa kuna swali la ziada: "Baada ya kuletwa, ninyi mliongeza au mlirekebisha nini ili ufanye kazi hapa?"

Swali hilo la ziada nalipenda kuliko yote. Mfano tulioupata wakati wa kulijaribu: kituo kimoja cha afya kiliona wagonjwa wazee wanapewa namba ya malipo halafu wanarandaranda nje wakitafuta mtu wa kuwalipia, kwa kuwa hawana simu, au wanayo lakini salio hakuna. Mhasibu wa kituo akazungumza na wakala wa fedha aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akapewa meza ndani ya uzio, karibu na mapokezi. Mfumo ulitoka juu, meza ile ilitoka kwa mhasibu. Kwa mzee aliyekuja na fedha taslimu mfukoni, meza ndiyo iliyokamilisha huduma.

Kuiga nako tumekupa heshima yake. Kuna watumishi wanaona aibu kusema "tuliona kwa wenzetu". Nchi ikiwa na shule na zahanati nyingi namna hii, jambo jema linaloigwa mara mia ni faida kubwa kuliko jambo geni lililobaki mahali pamoja. Kenya walipofungua Huduma Centre ya kwanza Nairobi mwaka 2013, huduma zenyewe zilikuwepo tangu zamani katika ofisi mbalimbali. Kipya kilikuwa kuziweka chini ya paa moja, kaunti baada ya kaunti. Mwaka 2015 mpango huo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Thamani yake imekuwa katika kurudiwa. Kwa hiyo dodoso linauliza pia: "Kuna kituo kingine kilichokuja kujifunza kwenu?" Anayeigwa naye aonekane.

25 Machi 2024

Shule. Ramadhani imebadilisha saa za kazi, tumefanya usaili asubuhi tu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa viligawiwa walimu baadaye, kwa hiyo tulitarajia kila mwalimu mkuu ataanza navyo, na ndivyo ilivyokuwa. Swali la "mliongeza nini" limefanya kazi yake vizuri. Katika shule nyingi jibu ni kwamba kimesaidia maandalio ya somo. Katika shule moja walimu wa darasa la kwanza na la pili wanarekodi watoto wakisoma kwa sauti mwanzo wa muhula na mwisho wake, na mzazi akija kikaoni anasikilizishwa sauti zote mbili za mwanawe. Mwalimu mkuu anasema mahudhurio ya vikao yamepanda. Tumeomba kuona daftari la mahudhurio ya wazazi, akalitoa kabatini, na kweli orodha za muhula wa karibuni zinajaza ukurasa na kuendelea nyuma.

Hilo tumelifanya kanuni: kila faida inayodaiwa, tunaomba daftari, rejesta, muhtasari wa kikao au ubao. Jibu lenye ushahidi linaandikwa hivyo, lisilo na ushahidi nalo linaandikwa hivyo. Halifutwi.

15 Aprili 2024

Masika makali. Barabara za kata mbili za bondeni zimekatika. Kijana wa TEHAMA ametumia siku hizi kurekebisha fomu ili ifanye kazi bila mtandao na kutuma majibu gari likirudi kwenye mnara. Usaili wa simu tumeujaribu na tumeuacha: kwa simu watu wanataja mifumo mikubwa tu, na rejesta huwezi kuiona.

29 Aprili 2024

Nimekuwa nikizunguka na jambo moja tangu siku ya ile rejesta yenye kalamu nyekundu, na sasa limekaa sawa.

Vipimo vingi nilivyosoma vinauliza nini kimeanzishwa. Katika utumishi wetu swali zito ni nini kimebaki. Mtumishi mzuri anahamishwa. Mwalimu mkuu aliyeanzisha kitu anapelekwa kata nyingine, mfawidhi anakwenda masomoni, mtendaji anabadilishwa, na ndani ya muhula mmoja kituo kinarudi kilivyokuwa. Tumekuta ofisi ya kata ambako mtendaji aliyetangulia alikuwa ameweka kitabu cha miadi: mwananchi anayetaka barua ya utambulisho au kusuluhishiwa mgogoro wa mpaka wa shamba anaandikwa siku na saa yake, haendi na kurudi. Kitabu tumekiona. Kurasa zimejazwa kwa mwandiko mmoja mzuri, kisha zinakatika katikati ya mwezi aliohama. Zinazofuata ni nyeupe hadi jalada la nyuma. Mtendaji wa sasa si mtu mbaya, hakukabidhiwa. Kwenye hati ya makabidhiano kulikuwa na meza, viti, mihuri na funguo. Kitabu cha miadi hakikutajwa.

Kwa kipimo cha "mmeanzisha nini tangu sensa", ofisi ile ingepata alama. Kwa mwananchi wa kata ile hakuna kitu.

Upande wa pili ni yule mama wa kliniki. Mganga aliyemkubalia ameshahama, mwingine amekuja, na kliniki ya siku ya gulio inaendelea. Nimerudi kumuuliza kwa nini imedumu. Amesema safu imo ndani ya rejesta, na rejesta haihami. Tena akina mama wameshazoea, na ukiwaondolea siku yao watakuja kuuliza.

Nadhani hapo pana viashiria viwili vya kweli vya uhai wa ubunifu: umeandikwa ndani ya chombo cha kazi cha kila siku, na wananchi wanaudai. Nimeandika maswali manne mapya. Aliyeanzisha bado yupo hapa? Kama hayupo, jambo linaendelea? Limeandikwa wapi? Likikoma kesho, nani atalalamika? Kisha tumeongeza ukurasa wa vilivyokufa: "Kuna jambo jema mlilolianza tangu sensa ambalo sasa halifanyiki? Liliishaje?" Wahojiwa wanaujibu kwa urefu kuliko ukurasa mwingine wowote. Inaonekana hawajawahi kuulizwa.

Mchumi aliuliza kama kuna nchi inayopima hivi. Nilimwambia Wadenmark wanauliza kuhusu kusambaa, lakini uhamisho wa namna yetu ni suala letu, na kipimo chetu lazima kilibebe.

13 Mei 2024

Faida. Kampuni inaweza kupima mauzo yanayotokana na bidhaa mpya. Zahanati haiuzi. Tumechukua makundi yanayokaribiana na ya Denmark: ubora wa huduma, kuokoa muda na gharama, sauti ya mwananchi, nafuu kwa mtumishi. Hilo la mwisho viongozi wengine walitaka liondolewe, nikalitetea. Mkunga anayetoka zamu akiwa na nguvu za kutabasamu ni faida ya huduma.

Kwa muda wa kusubiri tumejaribu kadi. Mgonjwa akifika mapokezi anapewa kadi ya manila yenye saa, kila chumba kinaongeza saa yake, na dirisha la dawa linaikusanya. Kadi moja niliyoishika: mapokezi saa 1:40, daktari saa 2:25, maabara saa 2:50, majibu saa 4:35, dawa saa 4:45. Kituo kizima kilikuwa kikiamini msongamano uko kwa daktari. Kadi inaonyesha majibu ya maabara yanalala mezani yakisubiri mtu wa kuyapeleka. Ningependa kila kituo kifanye hivi wiki moja kabla ya kubadilisha kitu na wiki moja baada ya kubadilisha. Ni rahisi, na inamwondolea mtumishi mzigo wa kubishana kwa maneno.

3 Juni 2024

Kikao na wakuu wa idara. Maombi mawili yalitolewa, na yote tumeyakataa kwa heshima.

La kwanza, tupange vituo kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho na kubandika orodha. Vituo vikijua vitapangwa, dodoso litageuka ukurasa wa kujisifu, na ule ukurasa wa vilivyokufa utarudi mtupu. Tena zahanati yenye watumishi wawili haiwezi kulinganishwa na kituo cha afya chenye wodi. Kila kituo kitapewa majibu yake chenyewe, pamoja na picha ya jumla ya vituo vinavyofanana nacho. Bila majina.

La pili, alama ziingizwe kwenye tathmini ya mtumishi mmoja mmoja, PEPMIS, iliyochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa tathmini, OPRAS. Tathmini ile hupima malengo mtu aliyojiwekea mwanzoni mwa mwaka. Safu ya kalamu nyekundu haikuwa lengo la mtu yeyote, ilizaliwa katikati ya kazi kwa sababu mtu alijali. Ukiigeuza kuwa alama ya kupandia daraja, utapata safu nyingi nyekundu zisizosomwa na mtu.

Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: makabidhiano yatabadilikaje? Tumekubaliana kuandaa ukurasa mmoja wa kuongezwa kwenye hati ya makabidhiano ya kila msimamizi anayehama: utaratibu gani mpya upo hapa, umeandikwa wapi, nani anaujua. Kwangu hili ndilo tunda kubwa la mradi hadi sasa, na limepatikana kabla hata hatujakusanya takwimu kamili.

20 Juni 2024

Tuko ndani ya Wiki ya Utumishi wa Umma, kilele ni tarehe 23. Tumeweka meza kwenye banda la halmashauri, na watumishi wamekuja kusoma dodoso wenyewe. Muuguzi mmoja alilisoma lote akiwa amesimama, akatuambia swali la "nani atalalamika" liulizwe pia kwa wananchi waliopo kwenye foleni siku hiyohiyo. Tumelikubali: wananchi watatu kwa kila kituo, maswali mawili tu.

Hali ya kazi: dodoso limefika toleo la kwenda uwandani, usaili wa watu wawili umepita majaribio, kadi za saa ni hiari kwa kituo. Bado hatujakubaliana namna ya kuhesabu kituo ambacho msimamizi anasema hakuna jipya na mtumishi wake anataja mambo matatu. Mchumi anataka wastani. Mimi nataka majibu yote mawili yabaki yalivyo na yaonyeshwe kwa pamoja.

Kijana wa TEHAMA anamalizia kulifanya swali la uhamisho kuwa la lazima, fomu isifungike bila jibu lake. Ukurasa wa makabidhiano uko kwa mwanasheria wa halmashauri. Barabara ya bondeni imefunguliwa, kwa hiyo Jumatatu tunaanza na zile kata mbili ambazo masika yalituzuia.